Kwa nini kijiji cha Hallstatt kilijengwa mahali pasipo na shamba wala barabara?

Mwalimu wa Ramani ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninafundisha mada ya makazi katika somo la jiografia, na vitabu vyetu vinaeleza kwamba watu wa kale walichagua mahali pa kuishi kwa kufuata maji, udongo wenye rutuba na njia za kupita. Kanuni hiyo inanishinda kila ninapofika kwenye vijiji vya kando ya maziwa katika milima ya Alpi, hasa Hallstatt nchini Austria. Ramani inaonyesha kijiji kilichobanwa kati ya mwamba na maji kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa lililo mita 508 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kusini imesimama safu ya Dachstein, ambayo kilele chake kinakaribia mita 3,000, na ardhi tambarare ni haba mno hata nyumba zimejengwa zikipandiana kuelekea mlimani. Maji yapo, lakini shamba halipo, na barabara ya kando ya ziwa haikufika hapo mpaka mwaka 1890.

Hata hivyo watu wamefanya kazi mahali hapo kwa maelfu ya miaka, na wanaakiolojia wameuita kwa jina la kijiji hicho utamaduni mzima wa Ulaya ya kale, wa takriban mwaka 800 hadi 450 KK. Ni nini kiliwavuta watu pale, na walikula nini? Je, ni sahihi kuwaambia wanafunzi kwamba hiki kilikuwa kijiji kilichojitenga na dunia?

Mpenda Mambo ya Kale amejibu:

Mwalimu, kilichowavuta ni chumvi, ila naomba tuitazame kwa kina kidogo, kwa kuwa namna chumvi hiyo ilivyokaa ardhini ndiyo inayoeleza ramani yako. Takriban miaka milioni 250 iliyopita eneo hilo lilifunikwa na bahari ya kina kifupi ambayo maji yake yalikauka kwa jua kali na kuacha matabaka mazito ya chumvi. Baadaye mawe ya chokaa yakarundikana juu yake, na ndiyo hayo yanayofanya kuta nyeupe za Dachstein. Bamba la Afrika lilipousukuma upande wa Ulaya na kuinua milima ya Alpi, chumvi, ambayo ni nyepesi kuliko miamba hiyo na hulegea inapogandamizwa, ilipenyezwa juu pamoja na udongo wa mfinyanzi na jasi. Ziwa lenyewe ni changa sana kwa kulinganisha: mto wa barafu wa Enzi ya Barafu ulilichimba bonde hilo, na barafu ilipoyeyuka maji yakajaa hadi kina cha mita 125. Ndiyo maana kingo zake zimesimama wima na hazina fungu pana la udongo wa kulima.

Sasa kuna jambo ambalo picha za watalii hazilionyeshi. Hallstatt ya kale haikuwa kijiji cha kando ya ziwa. Migodi na makaburi ya kale viko katika bonde dogo lililo juu, mamia ya mita kutoka usawa wa maji, na huko ndiko Johann Georg Ramsauer, msimamizi wa mgodi, alikofukua makaburi 980 kati ya mwaka 1846 na 1863. Warumi ndio walioweka makazi yao chini, kwenye kipande cha ardhi kiitwacho Lahn ambacho kijito kimekijenga kwa mchanga na kokoto. Mji mdogo tunaouona leo ni wa Zama za Kati: mnara wa Rudolfsturm ulijengwa juu mwaka 1284 kuulinda mgodi, na mwaka 1311 Malkia Elisabeth, mjane wa Mfalme Albrecht wa Kwanza, aliwapa wakazi haki ya kuwa na soko.

Kuhusu chakula, wewe na wanafunzi wako mtaridhika na ushahidi uliopo, kwa sababu chumvi huhifadhi kila kitu kisioze. Ndani ya mgodi vimekutwa vipande vya nguo, kamba, mifuko ya ngozi ya kubebea mzigo mgongoni, vijiti vilivyowashwa kutoa mwanga, na hata kinyesi cha wachimbaji, ambacho kinaonyesha kwamba walikula shayiri, mtama na maharage makubwa yaliyopikwa pamoja na nyama. Ngazi ya mbao iliyogunduliwa humo mwaka 2003 ilitengenezwa kwa miti iliyokatwa mwaka 1344 na 1343 KK. Karibu na migodi yamechimbuliwa pia mabeseni makubwa ya magogo ya Enzi ya Shaba, ambamo nyama ya nguruwe ililowekwa chumvi kwa wingi kupita mahitaji ya wachimbaji. Kwa hiyo wanyama waliletwa kutoka mabondeni, na nyama iliyotiwa chumvi ikauzwa nje. Shamba lao lilikuwa mbali, mikononi mwa watu wengine, nao walinunua mazao yake kwa chumvi.

Hapo swali lako la tatu linapata jibu. Katika makaburi hayo kumekutwa kaharabu (utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe) ya Bahari ya Baltiki, na upanga wenye mpini wa pembe ya ndovu, mnyama ambaye hakuwapo Ulaya enzi hizo. Watu waliozikwa na vitu hivyo hawakujitenga na dunia. Nawe usiwafiche wanafunzi kwamba utajiri huo ulikuwa na gharama: mifupa ya wanaume na wanawake inaonyesha alama za kazi nzito, na mgodini vimekutwa viatu na kofia vyenye ukubwa wa kuwatosha watoto.

Dereva wa Boti amejibu:

Ninakubaliana na Mpenda Mambo ya Kale, lakini ningependa kuliongezea ziwa nafasi yake, kwa kuwa sisi tuliozoea lami huliona ziwa kama kizuizi, ilhali kwa watu wale ndilo lililokuwa njia kuu. Mto Traun huingia ziwani upande wa kusini na kutoka kaskazini, halafu huendelea hadi ziwa Traunsee na hatimaye huungana na Danube. Chumvi ilisafirishwa kwa boti ndefu zenye sakafu bapa kufuata mkondo huo, na boti tupu au zilizobeba nafaka zikavutwa na farasi kurudi juu. Tatizo lilikuwa kwamba mto haukuwa na maji ya kutosha majira yote. Katika karne ya 16, kwenye mahali ambapo Traun hutoka ziwani, huko Steeg, ilijengwa kingo ya mbao yenye milango: milango ikifungwa, ziwa linaongezeka, ikifunguliwa, wimbi la maji linabeba boti na magogo. Ziwa zima liligeuzwa tangi la kuendeshea usafiri. Kwa maoni yangu hili ni somo kubwa la jiografia kuliko hata ngazi ya mgodini, kwa sababu linaonyesha watu wakiisoma tabia ya maji na kuipangia ratiba.

Jambo la pili ni kuni. Kufikia nyakati hizo chumvi haikukatwa tena kwa sururu peke yake. Maji matamu yaliingizwa ndani ya mlima, yakayeyusha chumvi, kisha maji hayo ya chumvi yakachemshwa kwenye sufuria kubwa mpaka yakauke. Kazi hiyo ilikula misitu. Miti iliyokuwa karibu ilipopungua, wakuu wa kazi walifanya hesabu wakaona ni nafuu kuyapeleka maji ya chumvi kwenye kuni kuliko kuzileta kuni kwenye maji ya chumvi. Kati ya mwaka 1595 na 1607 likalazwa bomba la takriban kilomita 40 kutoka Hallstatt hadi Ebensee, kulikokuwa na kuni, kwa magogo yapatayo 13,000 yaliyotobolewa katikati na kuunganishwa ncha kwa ncha. Hapakuwa na pampu. Mteremko ulipimwa kwa uangalifu ili maji yajiendee yenyewe. Mtu akiifuata njia ya bomba hilo kwenye ramani ya kontua (mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa), ataona linavyokwenda na ubavu wa mlima bila kupanda hata mahali pamoja, na wanafunzi wa kontua watafaidika sana na zoezi hilo.

Binti Makumbusho amejibu:

Kaka Dereva wa Boti, maelezo yako ya kingo ya Steeg ni mazuri na nimeyapokea kwa moyo wote. Naomba tu tusiwasahau wakazi wenyewe tunaposifu mabomba na milango ya maji. Eneo lote liitwalo Salzkammergut lilisimamiwa moja kwa moja na hazina ya Habsburg, ukoo uliotawala Austria, na chumvi ilikuwa mali ya mtawala. Ziwa lililokuwa njia kuu ya chumvi lilikuwa pia lango ambalo mtawala alilishika kwa mkono wake.

Mfano ulio wazi ni wa dini. Wachimbaji wengi walikuwa wameyapokea mafundisho ya Martin Luther, na utawala wa Kikatoliki ulipowabana waliendelea kuabudu kwa siri majumbani. Mwaka 1734 Kaisari Karl wa Sita aliamuru Waprotestanti wa eneo hilo waanze kuhamishwa kwa nguvu kwenda Transilvania, iliyo leo nchini Romania, nao wakasafirishwa kwa mashua kufuata mito ileile iliyobeba chumvi. Mwaka huohuo mgodini ulionekana mwili wa mchimbaji wa kale uliohifadhiwa na chumvi, na kwa kuwa hakuhesabiwa kuwa Mkristo, alizikwa pembeni ya makaburi ya kijiji. Uhuru wa kuabudu ulianza kurudi kwa amri ya mwaka 1781, na kanisa la Kiprotestanti lenye mnara mrefu uchongokao, ambalo huonekana katika karibu kila picha ya Hallstatt, lilikamilika miaka ya 1860 tu. Wakatoliki nao wana maandamano yao ya Sikukuu ya Ekaristi, ambayo tangu karne ya 17 hufanyika kwa boti juu ya ziwa. Nchi kavu haikuwapa nafasi ya kuandamana kwa umati.

Uhaba huo wa nafasi uliwafuata hata kaburini. Makaburi ya kijiji hayakuweza kupanuliwa, hivyo baada ya miaka kadhaa mifupa ilifukuliwa ili kumpisha marehemu mwingine. Mafuvu yalisafishwa, yakaanikwa juani, mengi yakachorwa maua na majani pamoja na jina la mwenyewe, kisha yakapangwa katika chumba kilicho chini ya kanisa dogo la Mtakatifu Mikaeli. Yako takriban 1,200 hadi leo. Wapo wanaoyatazama kwa hofu. Mimi naona ni heshima ya watu ambao hawakuwa na ardhi ya kumwachia maiti wao, wakamwachia jina.

Mwalimu wa Ramani ameandika:

Nawashukuru sana, na nimeona kwamba nitalazimika kulipanga upya somo lote. Nina swali moja la nyongeza: je, naweza kuichukua Hallstatt kuwa mfano wa vijiji vyote vya maziwa ya Alpi?

Mpenda Mambo ya Kale amejibu:

Hapana, Mwalimu, na tofauti zenyewe zitakusaidia darasani. Katika majira ya baridi ya mwaka 1853 na 1854 maji ya ziwa la Zurich nchini Uswisi yalishuka kuliko kawaida, na huko Obermeilen zikaonekana nguzo za mbao zilizosimikwa matopeni. Mwanaakiolojia Ferdinand Keller alizitambua kuwa mabaki ya makazi ya kale. Tangu hapo maeneo mengi ya namna hiyo yamepatikana, na mwaka 2011 UNESCO iliorodhesha 111 kati yake katika nchi 6 zinazozunguka Alpi, yaliyokaliwa kati ya takriban mwaka 5000 na 500 KK. Hao walikuwa wakulima na wafugaji kwelikweli. Walikaa pembezoni mwa milima, ambako kingo za maziwa ni pana, na kanuni ya kitabu chako inawafaa bila shida.

Mfano mwingine ni Graun, kijiji cha Tirol ya Kusini nchini Italia. Hapo mwaka 1950 bwawa la kuzalisha umeme liliunganisha maziwa mawili ya asili kwa kuinua maji mita 22, na nyumba 163 zikaangamizwa pamoja na mashamba. Mnara wa kengele wa karne ya 14 umebaki umesimama majini. Huko wakulima waliishi vizuri na ziwa lao mpaka pale miji ya mbali ilipolihitaji.

Dereva wa Boti amejibu:

Na usisahau kuwaeleza kilichotokea Hallstatt baada ya usafiri kubadilika. Reli ilifika mwaka 1877, lakini ilipita ukingo wa mashariki, kwa kuwa upande wa kijiji haukuwa na nafasi. Hadi leo abiria hushuka stesheni na kuvuka ziwa kwa boti. Tangu mwaka 1966 magari hupita ndani ya mlima, nyuma ya nyumba, kwa njia ya chini kwa chini. UNESCO iliiweka Hallstatt na eneo la Dachstein katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997, na mwaka 2012 nakala ya kijiji hicho ilifunguliwa huko Huizhou nchini China. Wakazi hawafiki 800, lakini siku za msimu hupokea maelfu ya wageni, na halmashauri imelazimika kuweka utaratibu wa kugawa nafasi za mabasi ya watalii. Uchimbaji nao haujakoma: maji ya chumvi ya Hallstatt bado yanateremka kwa bomba hadi Ebensee.