Mikono minne ya vanishi na nyuzi za hariri bado zinaonekana

Mjenzi_Tanga:
Wakuu, heshima kwenu. Ninajenga ndege ya mfano, Piper Cub ya balsa (mbao nyepesi sana), mabawa mita 1.8, moja ya sita ya ndege yenyewe, mota ya umeme. Nimeivika hariri nyepesi, mabaki ya marehemu baba aliyekuwa fundi cherehani. Niliilowesha, nikaibandika, ikakaza vizuri ilipokauka. Kisha nikapiga mikono minne ya vanishi ya nitro, ile ya mafundi wa samani, nusu kwa nusu na thina. Bado ukiinamisha bawa dirishani unaona vitundu kama chekeche. Mkono wa nne umeacha na ukungu mweupe kwenye ncha. Bawa la kulia lilikuwa gramu 212, sasa ni 241. Naogopa uzito, na hariri hii sitaki kuivua.

Babu_Balsa, Mombasa:
Mwanangu, usiivue. Ila vanishi tupu iache. Sehemu kubwa ya unachopaka ni thina. Ikiruka, kinachobaki kinanywea na kufuata uzi ulivyolala. Unataka kitu chenye mwili. Chukua vanishi hiyohiyo, tia poda ya talki, koroga mpaka iwe kama uji mwepesi. Tia na matone machache ya mafuta ya nyonyo, maana kitambaa kati ya mbavu, vile vibao vya ndani ya bawa, kinacheza, na kijazo kikavu hupasuka. Mafuta yakizidi, bawa litanata.

Paka mkono mmoja kwa urefu, kesho yake mmoja kwa mapana. Kisha msasa namba 400, mkavu, upunguze karibu vyote ulivyopaka. Unga unaobaki ndani ya vitundu ndio unaoutaka, na ndiyo maana uzito hauongezeki sana. Juu ya mbavu gusa tu! Pale kitambaa kimekalia ukingo, msasa hukata uzi kabla hujajua. Mimi nilitoboa sehemu 3 kwenye bawa moja, nikaketi nikalitazama jioni nzima.

Rubani_Mdogo, Dar:
Huo ukungu ni unyevu, kaka. Thina ikiruka inapoza uso wa bawa, maji ya hewani yanatua juu ya vanishi mbichi. Usipake asubuhi na mapema wala baada ya mvua. Subiri siku kavu, pulizia thina nyembamba juu ya weupe. Vanishi italainika na kukauka upya. Fungua madirisha, na jiko liwe mbali kabisa, nitro hushika moto upesi mno.

Kipanga, Nairobi:
Mimi nisingejaza kila mahali. Cub ya kweli ilivikwa pamba, na ukiisogelea unaona ni kitambaa. Jaza ukingo wa mbele na pua, nyuma acha.

Babu_Balsa:
Kipanga, uzi halisi kwenye kipimo cha moja ya sita unaonekana mnene kama kamba. Ajaze kote, kwa wepesi.

Mjenzi_Tanga:
Shikamoo Babu, na asanteni nyote. Ukungu umetoka Jumamosi saa nane mchana, kwa mpulizo mmoja tu. Mikono miwili ya talki, msasa siku mbili, bawa sasa ni gramu 246. Dirishani naona mwanga umelala sawa, isipokuwa ubavu wa tatu, nilipoogopa kugusa. Pale nimepaacha. Kesho naanza la kushoto.