Homa isiyokoma kwa mtoto: je, kipimo cha uboho ni cha lazima?

Mjomba, Ahero
Hamjambo, ndugu zangu. Mpwa wangu wa miaka 4 ametibiwa malaria mara kadhaa, lakini homa hurudi kila anapomaliza dawa. Sasa viganja vimepauka, analia miguu inamuuma, na ameota vidoa vyekundu shingoni ambavyo havififii ukivibonyeza. Daktari anashuku saratani ya damu na anataka atolewe uboho kidogo, yaani ute wa ndani ya mfupa, ukapimwe, ilhali bibi yake anasema aongezewe damu tu apate nguvu. Tufanyeje?

Mtaalamu wa maabara, Kisumu
Pole sana, mjomba. Kipimo hicho ni cha lazima. Huku kandokando ya ziwa mtoto anaweza kuwa na malaria na lukemia, yaani hiyo saratani ya damu, kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuonekana kwa vimelea vya malaria hakumalizi swali. Hesabu kamili ya damu na slaidi ya damu iliyosomwa kwa hadubini huweza tu kuonyesha dalili za kushuku, lakini uboho unaovutwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga ndio unaothibitisha ugonjwa na aina yake, maana lukemia ya limfoblasti, ambayo ndiyo huwapata watoto wengi zaidi, haitibiwi sawa na aina nyingine, ya mieloidi. Akihitaji damu kwa dharura apewe, ila sampuli zichukuliwe kwanza. Tena nawasihi: asipewe dawa za steroidi, kama prednisoloni au deksamethasoni, kabla ya kipimo bila idhini ya daktari anayemtibu, kwani huua seli za lukemia kiasi cha kuuficha ugonjwa bila kuuponya.

Mama, Kakamega
Mwanangu alitibiwa Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, kwa ile ya limfoblasti. Mwezi wa kwanza ni wa dawa za kuua seli za saratani: vinkristini, asparajinesi na steroidi, pamoja na metotreksati inayodungwa kwenye uti wa mgongo ili seli zisijifiche kwenye ubongo. Steroidi zilimtia njaa hata akawa anaamka usiku wa manane kudai ugali. Baada ya hapo mtoto hunawiri, na ndipo wazazi wengine huacha kliniki wakidhani amepona, ilhali matibabu huendelea kwa miaka 2 hadi 3, mengi yakiwa vidonge vya nyumbani. Homa ikifika nyuzi 38 katika kipindi hicho, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Mjomba, Ahero
Asanteni. Bibi amekubali. Je, mdogo wake naye apimwe?

Mtaalamu wa maabara, Kisumu
Hapana, kama hana dalili. Lukemia haiambukizi, nao waendelee kulala na kula pamoja.