Naomba ushauri: niende Canada kusomea maumivu ya mama na mtoto, au nibaki Pwani?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni muuguzi wa Malindi. Nimemaliza uzamivu na nimepata nafasi ya mafunzo ya utafiti ya miaka 2 huko Canada, kuhusu maumivu ya akina mama na watoto wachanga. Mume wangu ameridhia, mamangu bado.

Linalonisukuma ni hili: wodini tunamtoa mtoto mchanga damu kisiginoni, analia, nasi twasema "atanyamaza". Hadi miaka ya 1980 madaktari wengi waliamini mtoto mchanga hasikii maumivu vilivyo, wakawapasua kwa dawa kidogo mno. Mwaka 1987 utafiti wa Anand na wenzake, Uingereza, ulionyesha kuwa watoto njiti waliopewa dawa kali ya maumivu walipata matatizo machache zaidi baada ya upasuaji. Leo tunajua hata kumnyonyesha wakati wa sindano humpunguzia uchungu. Ni bure kabisa, na bado hatufanyi inavyopasa!

Sasa nisaidieni. Msimamizi wa kule anataka nitumie data ya wagonjwa wao, na mimi natamani kuwasikiliza akina mama wa Malindi na Lamu, pamoja na wakunga wetu. Je, niombe hilo liandikwe kwenye mkataba kabla sijatia sahihi? Au nitafute msimamizi wa pili KEMRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba) Kilifi, nigawe muda? Na aliyewahi kwenda na mtoto mdogo, posho ilitosha kodi na malezi? Natakiwa kujibu kabla ya mwezi kwisha.