Pamfleti ya fizikia ya tuisheni ina majibu ya uongo na anayepata anawekewa eksi!!

Wakuu habari za jioni, naandika nikiwa na hasira maana hii kitu imenikaa kooni tangu juzi.

Mdogo wangu yuko kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hesabu), jioni anaenda tuisheni sehemu moja hivi jina naliacha. Pale wanauziwa pamfleti elfu kumi na mbili, usiponunua hufuati kipindi. Sasa juzi namkuta mezani anafutafuta daftari mpaka karatasi imetoboka, namuuliza vipi, ananiambia kaka nimekosa lile la fotoni. Nikalichukua daftari nikakaa nalo.

Swali la kawaida kabisa, taa ya sodiamu, ile ya njano ya barabarani, urefu wa wimbi nanomita 589, tafuta nishati ya fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga. Dogo kaandika E = hc/λ, h (namba ya Planck) kaweka 6.63 x 10^-34, c (kasi ya mwanga) 3 x 10^8, chini λ, yaani urefu wa wimbi kwa mita, 589 x 10^-9, kapata jouli 3.38 x 10^-19. Kapata! Ticha kapiga eksi nyekundu kwa sababu pamfleti inasema 3.38 x 10^-28. Kufungua pamfleti, wamegawa kwa 589 tupu, nanomita hawajazigeuza kuwa mita, na mita moja ni nanomita bilioni moja.

Jamani hilo ni kosa la mara bilioni moja! Chukua hiyo nishati yao gawa kwa h, unapata frikwensi ya kilohezi 509 hivi, hilo ni wimbi la redio, ukipanda kidogo tu unakuta stesheni za AM. Wimbi moja lina urefu wa mita 589, zaidi ya viwanja vitano vya mpira ukivipanga kwa urefu. Ndio mwanga wa taa ya barabarani huo?? Mwanga wenyewe frikwensi yake ni kama hezi 5.09 x 10^14.

Ukurasa unaofuata ndio umenimaliza. Wameuliza taa hiyohiyo ikimulika bati la sodiamu elektroni zitatoka au hazitoki, jibu lao zitatoka mwanga ukiongezwa ukali. Hapana! Ile 3.38 x 10^-19 gawa kwa 1.6 x 10^-19 unapata elektroni volti 2.1 (kipimo kidogo cha nishati), na sodiamu inataka kama 2.3 ndio iachie elektroni. Nauli ni 2.3, kila abiria kashika 2.1 yake na hakuna kuchangiana, jaza stendi nzima hapandi mtu. Ukiongeza ukali unaongeza idadi ya fotoni tu. Lete mwanga wa zambarau wa nanomita 400, hata uwe hafifu, kila fotoni ina 3.1, elektroni inaweza kutoka na chenji mpaka 0.8. Hiki ndicho Einstein alieleza mwaka 1905 na ndicho kilimpa Nobeli ya 1921, halafu watoto wetu wanauziwa kinyume chake.

Nimepiga simu, aliyepokea ananiambia kaka angu usikuze mambo, kwenye mtihani hata njia ina maksi zake. Njia ipi? Mtoto alikuwa na njia na jibu, mmemkata vyote. Hela haiumi kama alivyoniuliza dogo usiku ule, kashika ufutio, "kwa hiyo kaka nikikuta nanomita nisigeuze?" Mtoto alikuwa anajua, sasa hivi hajiamini, na mtihani uko mbele yake.

Jumamosi naenda mwenyewe na daftari lake na hesabu nimeandika hatua kwa hatua, nataka wasahihishe ubaoni mbele ya darasa zima na ile eksi itolewe.

Na wewe mwenye mdogo au mtoto anayesomea pamfleti za hivi, fungua leo hii hesabu za fotoni, mwanga wowote unaoonekana kwa macho jibu la jouli lazima liangukie kwenye 10^-19, kati ya kama 2.8 na 5. Ukikuta 10^-28 kata na peni, andika la kweli pembeni, halafu njoo hapa useme umekuta kurasa ngapi.