Tupeane uzoefu: wanavilabu wa huduma za jamii Tanga, msaada gani uliendelea kufanya kazi baada ya nyie kuondoka?

Mwana_Chumbageni

Asalaam aleikum, na wengine habari za jioni. Mimi ni mwanachama wa klabu moja ya huduma hapa Tanga mjini, sitaitaja maana humu naongea kama mimi sio kama klabu. Mwaka wetu wa klabu unaanza Julai kwahiyo vikao vya kupanga ndo vinakuja, na kila mtu atakuja na lake, huyu madawati huyu miti huyu macho, na hela ndo ile ile ya harambee na dina ya hisani. Naomba tupeane uzoefu, sio wanavilabu peke yenu, hata mliopokea, walimu, manesi, viongozi wa mitaa, semeni kipi mlikiona kimeshika baada ya bango kushushwa na gari kuondoka. Waja leo waondoka leo ni sifa ya mji wetu ila kwenye misaada sipendi kuiona.

Naanza na langu. Sisi tuko sana kwenye macho. Hii kazi ni ya zamani kwa vilabu vya Lions, toka 1925 pale Helen Keller, yule mama wa Marekani aliyekuwa haoni wala hasikii, alipokwenda kwenye mkutano wao akawaomba washike vita ya upofu, na wakati huo Lions yenyewe ilikuwa na miaka minane tu toka Melvin Jones aianzishe Chicago 1917. Watu wakisikia kambi ya macho wanafikiri kazi ni daktari na mashine. Operesheni ya mtoto wa jicho kwa kawaida haimalizi hata saa, mgonjwa anapigwa ganzi, lenzi iliyoingia ukungu inatolewa inawekwa ya bandia, basi. Kazi yote iko kabla na baada. Unakuta bibi haoni kabisa yuko tayari kwenda ila hana wa kumshika mkono, mjukuu yuko shule, mkwe yuko shamba, na kuna yale maneno kwamba jicho linang'olewa linawekwa mezani halafu linarudishwa. Mwingine anafika hospitali presha iko juu anaambiwa arudi nyumbani akanywe dawa kwanza, na akirudi nyumbani ndo kimoja, hatoki tena.

Kilichobadilisha mambo kwetu ni vitu viwili, nauli ya msindikizaji kuhesabiwa kwenye bajeti kama nauli ya mgonjwa, na kumtafuta mzee wa kijiji hicho hicho ambaye alishafanyiwa akaona, huyo ndo aongee na wenzie sio sisi na fulana zetu. Na kupima presha na sukari tunaenda wiki kadhaa kabla ili mwenye presha apate muda wa kuishusha. Baada ya operesheni kuna mtu wa klabu ana orodha ya namba za simu anapiga kuuliza dawa ya matone imeisha au haijaisha, na miwani ya kusomea tunapeleka baadae, maana lenzi ya bandia ya kawaida haivuti karibu na mbali kama ile ya kuzaliwa nayo, mzee anaona shamba lote ila msahafu hauoni, anadhani operesheni imeharibika.

Karibuni.

nesi_mstaafu

Wanangu hamjambo. Mimi nitasema damu maana ndo maisha yangu yalipoishia kazini. Vilabu mnapenda sana kuchangia damu tarehe 14 Juni kwa sababu ni siku ya wachangia damu duniani, hema linafungwa, mgeni rasmi anakuja, chupa zinajaa. Nashukuru, Mungu awalipe. Lakini damu haikai kabatini kama mchele. Chembe nyekundu hata zikitunzwa vizuri kwenye friji hazivuki siku 42, na mama anayetokwa damu baada ya kujifungua haangalii kalenda, wala mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Shule zikifungwa ndo tunakauka, maana wachangiaji wengi ni wanafunzi wa sekondari waliotimiza miaka 18, na Ramadhani tunakauka tena kwa sababu mchana watu wamefunga.

Kuna klabu moja ya vijana ilitusikiliza ikafanya uchangiaji usiku baada ya futari, karibu na msikiti, imamu akatangaza, watu wakala wakapumzika wakanywa maji ya kutosha ndo wakatoa. Sijaona jambo la maana kama lile. Watu walikuja na kanzu zao wametulia, hakuna muziki hakuna nini. Na waliweka daftari la makundi ya damu na simu, mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu mwanamke miezi minne, kwahiyo wanapigiana kwa zamu, hawarundikani siku moja. Nawasihi fanyeni hilo. Sharti ni uzito kuanzia kilo 50 na afya njema, chupa ni mililita 450 tu na mwili unarudisha.

fundi_barabara20

Nesi shikamoo mama yangu, umesema kweli tupu.

Mimi ni seremala Ngamiani, nimetengeneza madawati ya misaada mengi na nimeyatengeneza tena mengi ya watu wengine yaliyovunjika. Dawati la msaada linakufa kwa sababu tatu. Chuma chembamba, na huku kwetu hewa ya chumvi, ukipiga rangi ya juu bila ile ya kuzuia kutu chini baada ya mvua za masika mbili tatu miguu inaliwa inakatika. Mbao mbichi, inapigwa skrubu leo kesho imekauka imepinda skrubu zinacheza. Na vipimo, hapa ndo naumia zaidi. Mnaagiza madawati yote saizi moja. Mtoto wa darasa la kwanza miguu inaning'inia na meza inamfika kidevuni, wa darasa la saba magoti hayaingii anakaa upande upande anaandika amepinda. Mkija kwa fundi mseme hii idadi ya wadogo hii ya wakubwa, bei haipandi, ya wadogo hata mbao inapungua.

Mbao ya mtiki tunaipata hapo Longuza Muheza, ni ghali kidogo kuliko mbao za mchanganyiko ila mchwa hawaipendi na haipindi hovyo ikikaushwa. Klabu iliyonifurahisha ilikuja na oda ya madawati na ikalipia kitu cha ziada, nikakaa na vijana wa darasa la sita na la saba shuleni kwao nikawafundisha kukaza nati na kubadilisha ubao, wakaachiwa spana, skrubu, mbao chache za akiba na rangi. Napita pale mara kwa mara, madawati yapo yote. Likilegea wanalikaza siku hiyo hiyo kabla halijavunjika.

binti_handeni

Naomba niseme kama niliyepokea.

Nilikuwa kidato cha pili, ikaja klabu toka mjini na taulo za kike. Nia ilikuwa nzuri na sijawahi kuisahau, nilikuwa nakosa shule siku zangu kama wengine. Ila tuliitwa mmoja mmoja mbele ya shule nzima wavulana wamekaa, unapewa pakiti unaishika kifuani unapigwa picha. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Kuna mwenzangu alikataa kutoka kwenye mstari na hakupewa.

Zilikuwa zile za kitambaa za kufua. Zile ni nzuri kweli zinakaa muda mrefu, lakini zinataka maji, sabuni na jua. Handeni maji mnajua wenyewe, kipindi cha kiangazi ndoo unaitafuta asubuhi nzima. Na jua, nani ataanika kwenye kamba ya bweni mbele za watu? Tulizianika chini ya magodoro zikabaki na unyevu, wengine wakapata muwasho wakaziacha.

Baadae ilikuja klabu nyingine, wale walikuja mara ya kwanza mikono mitupu, kina mama wawili tu, wakakaa na sisi wasichana na matroni wakauliza. Wakarudi na tanki la kuvuna maji ya mvua, gata zikafungwa kwenye paa la madarasa, na nyuma ya vyoo ukajengwa ukuta mdogo wenye kamba ndani, juu wazi jua linaingia, nje huoni kitu. Taulo alikaa nazo matroni ukihitaji unakwenda. Hakuna aliyepigwa picha, walipiga picha tanki. Mdogo wangu yuko shule ile ile sasa hivi na ukuta upo.

mweka_hazina

Dada yangu pole na asante kwa kuandika, hili naliprint nalipeleka kikaoni.

Ila niseme na upande wa hela. Picha tunazihitaji, mtu aliyetoa laki yake anataka kuona imekwenda wapi na ana haki. Kinachosaidia imani ya watu kuliko picha ni akaunti. Lions utaratibu wao ni mifuko miwili haichanganywi, wa uendeshaji unaotoka kwenye ada zetu wanachama, chakula cha kikao, usafiri wetu, fulana, vyote humo, na wa huduma ambao ni hela iliyochangwa na umma, hiyo inarudi kwa umma. Hata zile faini ndogo ndogo za kikaoni, umechelewa umesahau beji, zinatoka mfukoni mwa wanachama wenyewe sio kwenye mchango wa mtu wa nje. Kwahiyo mtu wa Makorora akitoa elfu tano kwenye matembezi ya hisani hainywewi soda na sisi. Tulipoanza kubandika karatasi ya mapato na matumizi kwenye grupu la wachangiaji, na risiti zimepigwa picha, michango ya matembezi yaliyofuata iliongezeka bila kubembeleza.

binti_handeni

Kaka mweka hazina sijakataa picha. Pigeni tanki, pigeni risiti, pigeni dawati. Sura ya mtoto muacheni.

mweka_hazina

Nimekuelewa dada. Sawa kabisa.

mtu_wa_Tongoni

Huku pwani mnakuja na mikoko. Basi niwaambie wakubwa, mkoko haupandwi popote penye tope. Mlilana unakaa mbele kabisa unapokea bahari, mkoko wenyewe wa miguu mingi unafuata, mkandaa uko nyuma huko maji yanakofika bamvua tu, mchu unapatana na sehemu nyingi. Watu wa mjini wanakuja Jumamosi kwa sababu ndo hawaendi kazini, hawaangalii maji, wanapanda mkoko kwenye fungu la mchanga mbele, yakija mawimbi ya kusi yanazoa kila kitu. Pale palipokuwa na mikoko ikakatwa ndo pa kupanda, kama hapakuwahi kuota kuna sababu.

Kitu kingine cha heshima. Nyie mnajitolea kwa hiari yenu na mnalipwa mshahara mwisho wa mwezi. Mama wa kijijini akija kupanda na nyie ameacha pweza na chaza wake kwenye maji mafupi, siku hiyo hana kitoweo hana mauzo. Klabu moja ilikubaliana na kikundi cha kina mama wetu, wao wakaokota mbegu zilizokomaa, wakachagua siku kwa maji, wakasimamia upandaji na wakalipwa, halafu wakaendelea kulipwa kidogo kwa kuangalia na kupandikiza upya zilizoliwa na kaa. Kibali cha misitu walishughulikia klabu kwa sababu mikoko ni hifadhi ya serikali, hilo mjini ndo mnaliweza. Sasa hivi miche imenifika kiunoni na kamba wadogo tunawaona chini yake.

rota_kijana

Mimi fupi. Niko Rotaract, vijana wa Rotary. Kwenye kampeni ya polio ya 2022, baada ya kirusi kuonekana Malawi, tulitembea na wahudumu wa afya nyumba kwa nyumba upande wa Chongoleani. Chanjo anatoa mhudumu, matone mawili mdomoni, sisi tulibeba kiboksi cha baridi, tukapaka wino kidole, tukaandika chaki mlangoni. Rotary iko kwenye polio toka 1985 kwahiyo wengi wetu tumeikuta hii kazi. Nilichojifunza, nyumba iliyokataa asubuhi usibishane nayo, mpigie mama mtu mzima wa mtaa ule arudi na wewe jioni baba akiwepo. Nyumba nyingi zilifunguka kwa huyo mama, sio kwa kipeperushi.

Mwana_Chumbageni

Nimesoma yote mara mbili. Nesi shikamoo, hilo la damu usiku wa futari nalibeba mimi mwenyewe kikaoni, na daftari la zamu. Fundi nimekutumia ujumbe, tuna shule moja Pongwe nataka uende ukapime watoto kabla hatujatoa oda.

Kuna swali limebaki. Kuna mfadhili anataka tugawe viti vya magurudumu, na mimi nina wasiwasi na mchanga wa huku. Kuna mwenye uzoefu?

fundi_barabara20

Mkuu usipokee vile vya hospitali, vina magurudumu madogo ya plastiki mbele, barabara za mitaa yetu yanazama hapo hapo mtu anadumbukia na uso. Omba vyenye gurudumu la mbele pana na la nyuma linaloingia tairi na tyubu za baiskeli, hizo dukani zipo na fundi baiskeli yeyote anaziba pancha. Na kila mtu apimwe upana wa nyonga, kiti kikiwa kipana anakaa amelala upande anapata vidonda.

nesi_mstaafu

Na mto wa kukalia usiwe wa sponji laini, unabonyea. Niite siku ya kupima, nitakuja.