Chimay ya buluu, Rochefort 10 au Bigfoot: ipi kinara?

Povu Zito: Wakuu, jana tulifungua eli kali tatu (bia hizo nzito zenye kilevi kingi), watu wanne, glasi ndogondogo. Chimay ya buluu (asilimia 9) na Rochefort 10 (asilimia 11.3), zote za watawa wa Ubelgiji, halafu Bigfoot ya Sierra Nevada kutoka Marekani (9.6).

Chimay niliiona bubu. Utamu kidogo, kilevi, basi. Rochefort ndiyo ilinikalisha kitako: tini zilizokauka, chokoleti, na joto linaloshuka kifuani polepole likabaki hapo. Povu lake la kahawia liliacha duara kwenye glasi kila nilipopiga funda. Bigfoot ni uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, mwanzo mwisho, unang'ang'ania nyuma ya ulimi. Kwangu Rochefort. Nyie je?

Kimea: Zilikuwa za baridi kiasi gani?

Povu Zito: Chimay ilitoka kwenye friji moja kwa moja. Rochefort ilikaa mezani kama saa nzima tukipiga soga.

Kimea: Basi umeshindanisha joto, bia hukuzigusa! Baridi kali inalaza harufu. Iache Chimay ifike nyuzi 12 hivi, utakuta zabibu kavu na kama pilipili manga puani. Hiyo inatoka kwenye hamira, wala hakuna kiungo kilichotiwa.

Mama Chachu: Mimi natetea Bigfoot. Hutoka mara moja kwa mwaka, na ikiwa mpya inachuna ulimi kweli. Niliweka moja kabatini miaka minne: uchungu ulitulia, karameli ikapanda juu. Ila nyingine niliisahau karibu na jiko. Kuifungua, ladha ya boksi lililolowa maji! Nikaimwaga yote, roho ikiniuma.

Mgeni wa Glasi: Samahani, swali la kijinga. Kwa nini Chimay ni nyepesi mdomoni na ina kilevi kingi hivyo?

Kimea: Si la kijinga, ndugu. Wabelgiji huongeza sukari wakati wa kupika. Hamira inaila karibu yote na kuigeuza kilevi na gesi, kwa hiyo hakibaki kitu cha kunata. Bigfoot imeegemea kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, na kimea huacha sukari ambazo hamira haiziwezi. Ndiyo maana unaisikia nzito.

Mama Chachu: Povu Zito, na mashapo ya Rochefort ulimimina?

Povu Zito: Yote, dada. Glasi ya mwisho ikawa tope, ladha ya unga wa mkate ambao haujaokwa. Aliyeipata hajanisemesha tangu jana.

Haya, nimekubali kosa. Jumamosi narudia: zote joto moja, na mke wangu amimine nisione chupa. Rochefort ikishindwa nakuja kukiri hapahapa.

Kimea: Na Bigfoot iwe ya mwisho, mkuu. Ukianza nayo, hizo mbili utazinywa bila ulimi.