Vita vya Ukraine: Uturuki inawezaje kuwawekea ngumu wakubwa?

MsomaRamani:
Wadau, naomba kueleweshwa. Ufini na Uswidi ziliomba kuingia NATO, umoja wa kijeshi ambao kila mwanachama lazima aridhie mgeni, siku moja, 18 Mei 2022. Ufini ikaingia Aprili 2023. Uswidi ikasota mpaka Machi 2024, ikizungushwa na Uturuki na Hungaria. Uturuki inapata wapi kiburi hiki?

BahariaMstaafu:
Mkuu, hilo la uanachama ni cha mtoto. Mimi nimefanya kazi kwenye meli za nafaka, Bosphorus, mlango-bahari wa Uturuki wa kutokea Bahari Nyeusi, nimeupita mara nyingi. Pembamba pake hapafiki kilomita moja: watu unawaona wakinywa chai ufukweni, vivuko vinakukatiza mbele, rubani wa Kituruki kasimama kando ya nahodha, na humo ndani hakuna anayepiga soga. Manowari kubwa ya Bahari Nyeusi haina mlango mwingine wa kutokea, na ufunguo anao Mturuki tangu Mkataba wa Montreux wa 1936.

Mwisho wa Februari 2022 Ankara, yaani serikali ya Uturuki, ikatamka kuwa hivi ni vita, wakati Moscow ilikuwa bado inasema "operesheni maalumu". Neno hilo ndilo lililofunga mlango. Kwa mkataba ule, Uturuki isipokuwa vitani, manowari za wanaopigana hazipiti, labda ziwe zinarudi kituoni kwao. Tarehe 14 Aprili Moskva, manowari kuu ya Urusi kwenye Bahari Nyeusi, ikazama, na Urusi haikuweza kuleta nyingine kutoka vikosi vyake vya bahari nyingine.

Kisiki:
Kwa hiyo Uturuki ni NATO damu damu?

BahariaMstaafu:
Thubutu! Januari 2024 ilikataa kupitisha meli mbili za kutegua mabomu ya baharini ambazo Uingereza iliipa Ukraine. Droni za Bayraktar iliiuzia Kyiv, makombora ya S-400 ya kutungulia ndege ilishayanunua Moscow. Na vikwazo dhidi ya Urusi haikujiunga navyo.

Mtazamaji:
Tusiikuze mno. Februari 2023 Urusi ilisimamisha ushiriki wake katika New START, mkataba wake na Marekani wa kupunguza silaha za nyuklia, na Juni 2024 ikasaini mkataba wa kusaidiana kijeshi na Korea Kaskazini. Hapo Ankara haikuulizwa.

BahariaMstaafu:
Kweli, kwenye nyuklia haina sauti. Ila makubaliano ya Julai 2022 ya kuruhusu nafaka ya Ukraine ipite Bahari Nyeusi yalisainiwa Istanbul, na mwaka ule mzima, kabla Urusi haijajitoa, Mrusi, Myukreni, Mturuki na mtu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakipanda pamoja ngazi ya meli kukagua shehena.